Anayeanzisha Wimbo

Katika kwaya ya adungu, kile kinubi cha kaskazini mwa Uganda na kusini mwa Sudan, mtu mmoja huanza peke yake. Wapigaji wengine saba wamekaa na vyombo vyao mapajani, waimbaji ishirini wamesimama nyuma yao, na wote wananyamaza mpaka mwenye adungu ndogo apige mzunguko mmoja mzima wa wimbo. Hapo ndipo adungu ya besi inaingia, zinafuata nyingine, na mwisho sauti za watu. Mzunguko huo hauzidi sekunde kumi na mbili. Katika kanisa moja la mabati huko Gudele, mjini Juba, sekunde hizo zilikuwa za Emma Konga kwa miaka minne, na kwa miaka mitatu ya kwanza hakuna aliyewahi kuziwaza, hata yeye mwenyewe.

Emma ni kifupi cha Emmanuel, kama wanavyofupisha upande wa Uganda. Ana miaka thelathini na mmoja, ni Mkuku wa Kajo-Keji, na alikulia ukimbizini, ng'ambo ya mpaka. Huko kila kanisa la turubai lilikuwa na adungu zake: sanduku la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe, shingo iliyopinda kama upinde, nyuzi za nailoni zile zile za kuvulia samaki, na kila uzi na kigingi chake cha kuukazia. Watu waliporudi Juba walirudi nazo, zimefungwa juu ya magodoro. Siku za kazi Emma ni fundi simu katika soko la Custom. Meza yake ina upana wa mlango mmoja, na watu wanasema mkono wake hautetemeki.

Mwaka jana, mwezi wa Novemba, ulitetemeka.

Lilikuwa shindano la kwaya za makanisa, katika ukumbi wa Nyakuron. Kwaya kumi na moja, waamuzi watatu, watu wapatao mia sita. Adungu za kwaya ya Emma zilikuwa zimelinganishwa asubuhi uani kanisani, kwa utaratibu wa siku zote: besi inatoa sauti, nyingine zinaifuata moja moja, ndogo inamalizia. Zikishalingana, hakuna anayegusa kigingi. Sheria hiyo haijaandikwa popote, na mpaka siku ile haikuwa na haja ya kuandikwa.

Kwaya yao ilipangiwa nafasi ya nane, kwa hiyo walingoja nje, juani, zaidi ya saa mbili. Kadiri zamu ilivyokaribia, mikono ya Emma ilizidi kuwa baridi, katika joto lile la Juba. Akahitaji kuipa mikono kazi. Akagusa uzi wa tatu, akausikia umelegea, akaukaza. Baada ya huo, wa nne ukasikika uko chini. Akaukaza nao. Walipoitwa alikuwa amekaza nyuzi zote, akatembea kuelekea jukwaani akiamini kwamba ameokoa jahazi.

Alianza vizuri. Besi ilipoingia, iliingia kutoka chini, nusu sauti au zaidi, kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba isiyo yake. Waimbaji walitazamana. Nusu walimfuata Emma, nusu wakafuata besi. Emma akainamisha macho kutazama vidole vyake, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni hakujua kidole gani kinafuata. Akaacha kupiga. Ukumbi ulinyamaza kwa muda ambao yeye anauita dakika tano na wenzake wanauita sekunde nne. Mtu wa nyuma akacheka. Walianza upya, lakini shindano lilikuwa limeshawatoka. Walikuwa wa kumi na moja.

Watu walidhani aibu hiyo itaishia Nyakuron. Haikuishia huko. Ilimfuata kanisani, mahali ambapo alikuwa amepiga Jumapili zaidi ya mia bila kufikiri. Sasa kila alipokaa na adungu aliviona vidole vyake, vikubwa, vya mtu mwingine. Alianza kuchelewa. Ilipofika Agosti, mara nyingi wimbo wa kwanza ulianzishwa na mtu mwingine, au haukuanzishwa kabisa.

Ndipo Mama Janepher alipomwita.

Janepher ndiye kiongozi wa kwaya. Ni Mganda wa Arua, anauza maharage na mchele kwa jumla pale Custom, hatua hamsini kutoka meza ya Emma, na Kiswahili chake ni kile cha kwao, kisichopoteza muda na ngeli. Alimkalisha juu ya gunia.

"Emma, mimi nasema wazi. Watu ya kamati wanataka kinanda. Wanasema kinanda haiogopi watu."

"Nitaanza, Mama. Jumapili hii nitaanza."

"Jumapili imepita ulikuwa wapi?"

"Tumbo lilikuwa linasumbua."

"Hiyo tumbo yako inajua kalenda. Inasumbua Jumapili tu." Alimpimia mteja kilo mbili, akamrudishia chenji, akageuka. "Sikia. Romano iko tayari na kinanda yake. Iko na ngoma ndani, iko na kila kitu. Mimi nimeambia kamati wangoje mpaka Nyakuron. Ukianza wimbo ukamaliza mzunguko yako, unabaki. Ukisimama katikati kama mwaka jana, Romano anachukua mwanzo, na mimi sibishani tena. Khalas."

Emma alikubali. Romano alikuwa mpiga kinanda mzuri, kijana mpole, na hilo lilimuuma Emma zaidi kuliko kama angekuwa na maringo. Adungu ndogo ndicho kitu pekee ambacho Emma alitoka nacho ukimbizini akiwa anakijua kuliko wengine. Simu zinatengenezwa na mafundi arobaini katika mstari ule ule wa Custom. Aliyeanzisha wimbo pale Gudele alikuwa mmoja.

"Sasa," Janepher akasema, "Jumamosi saa sita mchana, leta adungu hapa."

"Hapa sokoni?"

"Hapa. Mbele ya watu ya boda."

Alimweleza kwa kifupi. Shuleni kwao Arua, kabla ya kwenda mashindano ya nyimbo, mwalimu alikuwa akiita darasa zima la wakubwa waje kukaa mbele ya kwaya, na kazi yao ilikuwa moja tu, kuwacheka. Wiki ya kwanza wasichana walilia. Wiki ya tatu waliimba. "Mwalimu hakutuambia tusiogope," Janepher alisema. "Alituzoesha kuimba na woga iko ndani."

Jumamosi ya kwanza Emma alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya magunia, adungu kifuani. Waendesha bodaboda waliokuwa wakingoja abiria walisogea mara moja. Mbele yao alikuwa Pal, kijana mrefu aliyesoma Kakuma, Kenya, na kurudi na ulimi mwepesi.

"Braza, hiyo ni antena ya TV ama?"

"Wacha fundi apige," mwingine alisema. "Labda inashika mtandao."

Emma alipiga noti sita. Kwenye ya saba macho yakashuka kwenye vidole, vidole vikasimama.

"Chaji imeisha!" Pal alipiga kelele. "Mzimeni, halafu mumwashe tena!"

Kijiwe kizima cha bodaboda kilicheka, na Janepher alicheka nao, akishika kiuno. Emma alibeba adungu yake akarudi kwenye meza yake bila kuaga mtu. Alikaa muda mrefu akisafisha simu ambayo ilikuwa safi.

Jumamosi ya pili alirudi, na hilo hata Pal hakulitegemea. Alimaliza mzunguko, ila kwa mbio, kama mtu anayevuka barabara. Ya tatu alisimama mara mbili. Janepher alimfundisha jambo moja dogo: kabla ya noti ya kwanza atoe pumzi polepole, mpaka ahesabu sita, na asianze kabla ya sita. Pumzi ilisaidia mapigo ya moyo. Vidole havikusaidika.

Aliyeona kasoro ilipo ni Adit. Yeye ndiye mpigaji wa besi, mwalimu wa shule ya msingi, binti aliyejifunza chombo hicho katika shule ya wakimbizi Adjumani. Kwa kuwa ndiye anayeingia mara tu Emma anapomaliza, alikuwa na haki ya kutaka kujua kama atamaliza. Siku hiyo ya tatu, baada ya mazoezi, alimkuta Emma mezani akibadilisha sehemu ya kuchajia ya simu ya Pal. Pal alikuwa amemwinamia begani, anamharakisha.

"Fanya haraka bana, nina abiria wa Jebel. Unaiua ama unaiponya?"

"Ngoja."

"Mkono usitetemeke, hiyo simu ni ya mkopo."

Mkono haukutetemeka. Emma alichomelea vinundu vitano vidogo kuliko punje za mtama, akapuliza, akawasha. Pal alichukua simu yake akaondoka bila hata asante, na Adit akavuta kiti akakaa.

"Emma, ukichomelea unaangalia vidole vyako?"

"Vidole? Hapana. Nitaviangaliaje? Naangalia simu."

"Na Pal anakupigia kelele sikioni."

"Pal hupiga kelele kila siku."

"Sawa. Na ukiwa na adungu, unaangalia nini?"

Emma alijua jibu, na halikumpendeza.

"Basi," Adit alisema, "pale kwenye adungu, simu yako ni ipi?"

Emma alilifikiria hilo wiki nzima. Wimbo wenyewe ulikuwa wa Kikuku, wa kushukuru kwa mvua, aliouimba tangu hajui kusoma. Jumamosi ya nne alipotoa pumzi hadi sita, hakungoja vidole. Aliuimba mstari wa kwanza kimoyomoyo, maneno yote, kama anamwimbia mtu, na mikono ikafuata maneno. Pal aliwasha pikipiki akaivumisha makusudi. Emma alisikia ule mvumo, akasikia kwamba anausikia, na mstari wa pili ukawa tayari umefika. Alimaliza.

"Jumamosi ya kwanza ungepiga hivi," Pal alisema, "tungekosa cha kucheka." Kwa Pal, hizo ni sifa.

Isidhaniwe kwamba alipona. Jumamosi ya tano alisimama tena katikati. Ya sita na ya saba alimaliza. Katika mazoezi ya kanisani alimaliza mara tisa kati ya kumi, na hakuna aliyejua kama Nyakuron itakuwa mojawapo ya zile tisa au ile ya kumi.

Siku ya shindano, safari hii kwaya kumi na mbili, walilinganisha adungu saa mbili asubuhi. Zilipolingana, Janepher alipita na vipande vya kitenge akafunga vigingi vya kila adungu, mafundo mawili mawili. Hakumtaja mtu. Walipofika Nyakuron wakaambiwa ni wa sita, wakakaa nje ukutani, mahali ambapo kivuli kilikuwa kinaondoka.

Saa nne na nusu mikono ya Emma ikawa baridi. Aliutambua ubaridi ule kama mtu anavyomtambua mgeni asiyependwa kwa hatua zake. Akatoa pumzi hadi sita. Akatoa tena. Akagusa uzi wa tatu kwa ncha ya kidole, taratibu, na ukalia chini.

Aliugusa tena. Ulikuwa chini kweli. Hii haikuwa hofu, alijiambia. Ana sikio, na sikio lake halijawahi kumdanganya. Mwaka jana pia alijiambia hivyo hivyo. Mkono ulikuwa tayari kwenye fundo la kitenge, na fundo la kwanza lilikuwa limelegea, kabla hajajua kwamba ameanza kulifungua.

Kwaya ya nne ilikuwa inatoka jukwaani. Ukumbi ulikuwa unapiga makofi.

Emma aliacha fundo. Aliinuka na adungu yake, akapita nyuma ya waimbaji mpaka alipokaa Adit na besi kubwa iliyomzidi kimo.

"Nipigie uzi wako wa tatu."

"Sasa hivi?"

"Polepole. Mara moja tu."

Adit alipiga. Emma akapiga wake. Zililingana, sawasawa, kama zilivyolingana asubuhi. Akaomba wa nne. Zililingana. Wa tano. Akaenda kwa aliyekaa jirani, adungu ya kati, akaomba vile vile, na huko nako ikawa hivyo hivyo.

"Kuna nini?" Adit aliuliza.

"Zimeshuka." Emma aliitazama ile adungu kama simu iliyoletwa na mteja anayedai haina kosa. "Zote. Jua limezilegeza zote pamoja."

"Sasa ni mbaya?"

Emma alikuwa anahesabu mwaka mzima upya. Mwaka jana sikio lake lilikuwa limesema kweli: uzi ulikuwa umelegea. Ila ulikuwa umelegea pamoja na nyuzi za wenzake wote waliokaa juani naye, na yeye, kwa hofu, alitengeneza wa kwake peke yake. Hakuharibu adungu yake. Aliirudisha ilipokuwa asubuhi, akaiacha kwaya nzima mchana.

"Si mbaya," alisema mwishowe. "Waimbaji wanachukua sauti kutoka kwetu. Tukishuka sote, na wao watashuka. Usiguse kitu."

"Mimi nilikuwa sigusi," Adit alisema. "Mwenye tabia ya kugusa ni wewe."

Akacheka yeye kwanza, na Emma akacheka baada yake, kicheko kifupi, kikavu. Akalikaza tena fundo alilolilegeza.

Waliitwa. Jukwaani taa zilikuwa kali na ukumbi mbele yake ulikuwa giza lenye macho. Mikono ilikuwa baridi vile vile. Moyo ulikwenda mbio vile vile, labda zaidi, kwa sababu sasa alijua ni kiasi gani anaweza kupoteza. Upande wa kushoto, kwenye viti vya pembeni, alimwona Romano amekaa, mikono katikati ya magoti. Wajumbe wawili wa kamati walikuwa pembeni yake. Emma aliondoa macho huko. Akatoa pumzi mpaka sita, akauanza wimbo kimoyomoyo.

Noti tatu zilikwenda. Ya nne kidole kiliteleza, kikapiga uzi wa jirani.

Kosa lilisikika. Mtu yeyote anayejua adungu angelisikia, na ukumbini walikuwepo mia moja wanaojua. Emma alilisikia likipita. Macho yalitaka kushuka kwenye mikono, na yalishuka nusu njia. Lakini maneno ya wimbo yalikuwa yanaendelea ndani yake, hayakumngoja. Mvua ilikuwa imeshafika mlimani katika mstari wa pili, na mkono ukalazimika kuikimbilia. Aliifikia. Mstari wa tatu ulitoka safi. Wa nne aliupunguza mwendo kidogo, kama anavyofanya Gudele Jumapili njema, kumfungulia Adit mlango.

Adit akaingia, hapo hapo alipotakiwa kuingia.

Waimbaji walishuka nao. Sauti nzito za wanaume zilipata raha zaidi kuliko mazoezini, na Janepher, aliyekuwa akiongoza kwa mkono mmoja, akageuka nusu sekunde kuwatazama wapigaji, akashangaa, akageuka tena mbele. Wimbo ulichukua dakika nne na sekunde kadhaa. Hakuna aliyecheka.

Walikuwa wa tano kati ya kumi na mbili. Karatasi ya waamuzi, iliyogawiwa baadaye kwenye varanda, ilisema katika mstari wa kwanza: "Mwanzo una kosa moja, halikuvuruga." Janepher aliisoma kwa sauti mbele ya wajumbe wa kamati.

"Mmesikia? Halikuvuruga."

"Lakini kosa lilikuwepo," mmoja wa wajumbe alisema.

"Kosa ilikuwepo. Mimi sikumwambia asikosee. Nilimwambia amalize." Akaikunja karatasi. "Emma ndiye anaanza. Romano atapiga kinanda wakati ya sadaka, na harusi, kama watu wanataka. Mambo imeisha."

Imeisha, na tangu siku hiyo kamati haijalijadili jambo hilo tena.

Romano alimfuata Emma nje, kwenye pikapu, wakati wanapakia adungu. Emma alijiandaa kwa maneno ya mtu aliyenyimwa kitu. Romano alimpa mkono, akaubakiza mkono wake katika wa Emma.

"Kaka, niseme kweli?"

"Sema."

"Wakati ule umekosea, nilifumba macho. Niliomba Mungu usisimame. Ungesimama, mwakani ningekaa pale mimi. Kanisani napiga vizuri kwa sababu nakaa pembeni, hakuna anayeniangalia. Pale katikati siwezi."

Emma aliuhisi ule mkono aliokuwa ameushika. Ulikuwa wa baridi, saa saba mchana, Juba.

"Inakuwa hivi kila mara?"

"Hata kwenye harusi."

"Hiyo haiondoki," Emma alimwambia. "Mimi ninayo mpaka sasa. Unapiga nayo hivyo hivyo." Akamwachia mkono, akamwonyesha adungu ya besi iliyolala chini. "Shika upande wa shingo. Usiguse vigingi."